Anayenunua Marudio Asituambie Historia Hailiwi

Jumapili iliyopita, hapa Geita, lilisomwa tangazo la kongamano kuhusu historia ya Kanisa na fikra za Kikatoliki Kanda ya Ziwa. Baada ya Misa tukasimama kivulini kama kawaida, na mzee mmoja ninayemheshimu akanigeukia: "Mwanangu, historia hailiwi. Hayo ni maprofesa wanatafuta posho." Waliokuwepo wakaitikia kwa kicheko. Mbele yake nilinyamaza kwa adabu. Hapa sinyamazi.

Mzee huyu ana matangi ya marudio huko Nyarugusu. Kwa asiye mtu wa machimbo: mawe yakitoka duarani, yaani shimoni, yanasagwa kwenye mashine ya karasha, kisha yanaoshwa mwaloni, sehemu ya kuoshea, kwa zebaki. Mwenye mawe anachukua alichopata, anaondoka. Mchanga unaobaki ndio marudio, na zebaki huacha dhahabu nyingi humo. Anakuja mwenye mtaji, ananunua lundo, analijaza kwenye matangi, analimwagia sayanidi, na kaboni inanasa kile ambacho wa kwanza hakukiona. Mzee amejenga na kusomesha watoto kwa mchanga ambao wenzake waliuhesabu umekwisha. Halafu ndiye anayeniambia kwamba ya zamani hayana kitu!

Mji huu wote unaishi kwa kurudia. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mwaka 2000 ukafunguliwa tena, na ndio huo unaochimbwa hadi leo. Sijui watu gani wengine nchini wangepaswa kuelewa maana ya kongamano la historia upesi kuliko sisi.

Marudio yetu ya imani yapo, tena mengi. Mapadre Weupe walifika Kageye, kusini mwa Ziwa, mwishoni mwa 1878, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliwaagiza waandike shajara katika kila kituo, nao wakaandika. Leo Msukuma anayetaka kujua babu zake walijibizana vipi na wageni wale inambidi aende Roma, kwenye hifadhi ya shirika, akasome Kifaransa. Wamisionari Wamarekani wa Maryknoll, ambao mmoja wao, Edward McGurkin, alikuwa askofu wa kwanza wa Shinyanga mwaka 1956, nao shajara zao ziko New York. Lundo letu liko kwenye uwanja wa jirani, na sisi tunasema halina kitu kabla ya kulipima.

Kuna wanaosema watoto wanakaa chini shuleni, fedha za kongamano zinunue madawati. Hoja hii naisikia kila mwaka, na kila mwaka nauliza swali moja: nitajieni dawati moja lililonunuliwa kwa fedha ya kongamano lililofutwa. Moja tu! Watu hao hao wanachangishana mamilioni kwa send-off ya usiku mmoja, yenye ukumbi, mapambo na MC wa kutoka Mwanza, na hapo mtoto anayekaa chini hatajwi.

Makongamano yamewahi kuzaa matunda katika nchi hii hii. Mwaka 1970 Terence Ranger na Isaria Kimambo waliwakusanya wasomi Dar es Salaam kujadili historia ya dini za Kiafrika, na mwaka 1972 kikatoka kitabu. Kabla yao waandishi wengi walizieleza dini za wazee wetu kana kwamba hazikuwahi kubadilika tangu dunia iumbwe. Kazi ile ilisaidia mtu mweusi ahesabiwe kuwa amefikiri juu ya Mungu, amebishana, amebadili mawazo.

Nina ugomvi na waandaaji pia. Kitabu kile kilikuwa cha Kiingereza, na hadi leo mada zinasomwa kwa Kiingereza, hotelini, mbele ya watu waliokwisha kuzisoma, huku katekista wa miaka themanini akialikwa kuja kufungua kwa sala tu. Huo ni upotevu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikuwa katekista; alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikangoja zaidi ya miaka thelathini kuchapwa kwa Kiswahili. Wangapi walingoja wakafa na maandishi yao?

Na tuna maswali yanayotuuma. Huko Shinyanga vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo ili mtu apate bahati duarani au ziwani. Wengi wetu tumebatizwa. Mbatizwa anafikaje kwa mganga usiku, na aliyekataa kufika alikataa kwa nguvu gani? Hayo ndiyo mambo ya fikra za Kikatoliki hapa kwetu, na hayajibiwi kwa mahubiri ya dakika kumi na tano.

Babu yangu alikuwa katekista vijijini Shinyanga. Alipofariki nilichelewa; nilifika siku ya nne ya msiba. Aliacha madaftari matatu. Mawili shangazi alikuwa ameyawashia moto wa kupikia waombolezaji, maana hakuna aliyemwambia yana kazi. La tatu lilibaki na kurasa kumi na moja. Kwenye ukurasa wa mwisho babu ameandika kwa penseli majina ya wanawake watano waliokimbilia nyumbani kwake walipoitwa wachawi, na siku ambazo kila mmoja alilala pale. Majina mawili hayasomeki tena.