Sadiki ni kiungo gani?

Miongoni mwa wanaofuata Chui wa Kongo katika kitivo chetu, hakuna jina linalozusha ubishi kama la Noah Sadiki. Upande mmoja unasema ni mchezaji mkubwa, ndiyo maana yuko Ligi Kuu ya Uingereza. Upande wa pili unasema anakimbia tu: hafungi, hapigi chenga, hatoi pasi ya goli. Ukifika Beni utakuta wanafunzi wa huko wanabishana hivyo hivyo. Mimi naona pande zote mbili zinampima kwa kipimo kisicho chake, na sisi tunaosoma lugha ndio tungepaswa kuligundua hilo kabla ya wengine.

Tuanze na jina la kazi yake. Wengi huku tunasema kwa Kifaransa, milieu. Redio na magazeti ya Tanzania na Kenya husema kiungo. Neno hilo linatokana na kitenzi kuunga, na lina maana mbili zinazojulikana na kila mtu. Kuna kiungo cha mwili, kama goti au kiwiko. Kuna pia kiungo cha mchuzi, kama bizari au tangawizi. Cha mchuzi usipokisikia kwenye ulimi, unasema mpishi hakufanya kazi. Cha mwili hukikumbuki mpaka siku kinapouma.

Uwanjani nako wamo wa aina zote mbili. Yuko kiungo anayeutia mchezo ladha: pasi ya kupenya, shuti la mbali, chenga ya kuinua watu vitini. Yuko na yule anayeziba pengo beki anapopanda, anayekata pasi kabla haijafika, anayeupokea mpira mahali pa hatari na kuutoa salama. Sadiki ni wa aina hii ya pili. Anayemlaumu kwa uchache wa magoli yake anatafuta tangawizi kwenye goti.

Tuangalie njia aliyopita. Alizaliwa Brussels tarehe 17 Desemba 2004, akalelewa kimpira Anderlecht, na mwaka 2023 akahamia Union Saint-Gilloise. Mwaka 2024 timu hiyo ilichukua Kombe la Ubelgiji. Mwaka 2025 ikatwaa ubingwa wa ligi, ambao haikuwa imeupata tangu 1935. Julai 2025 akasajiliwa na Sunderland, iliyokuwa imetoka tu kupanda daraja. Yote hayo kabla ya kutimiza miaka 21.

Wanaomkosoa wana hoja moja nzito, nami siidharau. Wanasema Union ilikuwa mashine iliyopangwa vizuri, yeyote angeng'ara ndani yake. Na Sunderland anacheza karibu na Granit Xhaka, mtu mzima anayejua kuongoza mchezo. Ni kweli, mchezaji hachezi peke yake. Lakini Alexander Blessin, Sébastien Pocognoli, Régis Le Bris na Sébastien Desabre wote wamempa nafasi, na kila mmoja ana timu yake na mahitaji yake. Mashine ikibadilika mara kadhaa na kipande kile kile kikaendelea kuhitajika, basi kipande chenyewe kina thamani.

Hata hivyo, wanaomsifu nao wasishangilie mapema. Kusema «anacheza Uingereza» si hoja. Hiyo ni anwani, na anwani haimwelezi mtu. Wala takwimu za pasi zilizofika hazitoshi, maana pasi ya mita tano kurudi nyuma huhesabiwa moja, sawasawa na ile inayopasua ukuta wa mabeki. Kuchaguliwa na makocha kunaonyesha kwamba anaaminika, na kuaminika bado si ukubwa. Kwa maoni yangu, Sadiki ni mchezaji mzuri aliyekamilika upande mmoja wa kazi yake. Upande mwingine, wa kuamua kasi ya mchezo na kutoa pasi ya mwisho, bado anajifunza. Tutamjua vizuri siku atakapokosa Xhaka wa kumwelekeza, timu iko nyuma kwa goli moja, na wenzake wote wanamtazama yeye.

Kwa nini hukumu ya katikati kama hii ni ngumu kutamkwa kwetu? Naona sababu mojawapo ni namna tunavyosimulia mpira. Kila Mkongomani anayependa soka anajua kwamba Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika la 1974 kule Misri, rekodi ambayo haijavunjwa. Na anastahili kukumbukwa. Lakini nahodha wa timu ile, Kidumu Mantantu, alikuwa kiungo. Uliza darasani alifanya nini uwanjani, usikie kimya kitakachofuata. Goli lina tarehe, dakika na jina la mfungaji. Pengo lililozibwa halina mahali pa kuandikwa, hata masimulizi yakalisahau.

Maneno yenyewe tunayo: kuziba, kukata, kukaba, kupokonya, kusaidia. Tunayajua yote, ila mabishano yakipamba moto tunayaacha na kubaki na mawili tu, «mkali» na «bure». Lugha tajiri mikononi mwa mbishi mvivu hugeuka maskini.

Jambo hili lina uzito kuliko sifa za kijana mmoja wa Ulaya, ambaye maisha yake yataendelea vizuri hata tukimkataa. Ninayemfikiria ni mtoto wa hapa, mwenye ndoto ya kuvaa jezi ya Nyuki ya Butembo au Capaco ya Beni. Vita tayari vimewapunguzia vijana wa mkoa huu nafasi nyingi. Akiwa na kipaji cha kusimama mahali panapofaa na kuutoa mpira mapema, pembeni ya uwanja anasikia kelele za «piga chenga!» na «piga goli!». Asipopiga, anaambiwa hana kitu. Hana kitu kwa sababu sisi tunaomtazama hatukitaji alicho nacho.

Basi tuendelee kubishana juu ya Sadiki, ubishi ni afya. Ila kila anayetaka kusema ni mkubwa au ni bure, kwanza aseme alimwona akifanya nini katika dakika ambazo hakuwa na mpira. Asiyeweza kujibu aitazame mechi tena, kisha arudi tuzungumze.