Foleni ya Harambe na boti za Wampembe

Jumapili iliyopita binamu yangu anayeishi Marekani alituma picha. Yeye, mumewe na watoto wao wawili wamesimama mbele ya ukuta uliobabuka rangi, juu yao bango la Kiswahili, pembeni mlango wa mbao kama ile ya Lamu. Mjomba wangu, yaani baba yake, aliitazama picha hiyo akiwa kwake Wampembe, akauliza swali moja tu: "Mmekuja lini, mbona hamkusema?"

Hawakuwa wamekuja. Walikuwa Florida.

Kwa wasioijua habari hii, ni hivi. Kampuni ya Disney ina bustani ya burudani inayoitwa Animal Kingdom, karibu na Orlando, iliyofunguliwa Aprili 1998. Ndani yake wamejenga mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, wakauita Harambe. Ni harambee yetu, wameipunguza e moja. Wabunifu waliuiga mji wa Lamu, wakazibabua kuta makusudi ili zionekane za kale. (Sisi tunatafuta hela ya rangi, wenzetu wanamlipa fundi aibandue. Haya.) Humo unapanda lori lililo wazi pande zote, unazungushwa dakika kama 20 kwenye eneo la ekari 110 lenye twiga, simba, vifaru na viboko wa kweli kabisa. Safari yenyewe inaitwa Kilimanjaro Safaris.

Basi bwana, foleni ya hilo lori siku hiyo ilikuwa ya saa moja na robo. Juani, na mtoto wa miaka minane na mwingine wa mitano. Pembeni ya foleni palikuwa na njia ya pili, karibu tupu. Watu wanakuja taratibu, wanagusisha bangili ya plastiki kwenye nguzo, taa inawaka kijani, wanapita. Shemeji akataka nao walipie wapite huko. Binamu akakataa. Getini walishalipa zaidi ya dola 100 kwa kila mmoja, na njia ya pembeni ilikuwa karibu dola 20 nyingine kwa kichwa. Jumla dola 80, karibu laki mbili za kwetu, ili kusimama kidogo! Wakabishana palepale mstarini, na nyuma yao familia nyingine ikibishana kwa Kihispania, na kwa jinsi walivyokuwa wakiinyooshea kidole ile njia ya pembeni, binamu anaapa ugomvi ulikuwa huohuo.

Jioni wakatupigia simu mimi na mjomba tuamue nani alikuwa sahihi.

Kabla sijasema tuliamua nini, ngoja niwaeleze ubishi huu ulikotoka, maana wageni wa bustani hizo wanabishana tangu zamani. Mwaka 1999 Disney walileta utaratibu wa FastPass. Unaingiza tiketi yako kwenye mashine, inakupa karatasi yenye saa ya kurudi, unakwenda kula au kupanda kitu kingine, saa yako ikifika unarudi na kupita haraka. Bure, kwa kila aliyelipa getini. Mwaka 2013 zikaja bangili, MagicBand. Ndani yake mna kidude cha mawimbi ya redio, nayo inafungua chumba cha hoteli, inakuingiza getini, inalipia chakula, inashika nafasi uliyoweka. Iliripotiwa kwamba mfumo mzima uligharimu kama dola bilioni moja. Kuweka nafasi kulikuwa bado bure, ila aliyelala hoteli za Disney aliruhusiwa kuweka siku 60 kabla, wengine siku 30. Hapo ndipo kelele za kweli zilipoanza. Mtu anatoka nyumbani na ratiba yenye saa na dakika kama ya rais! Wengine wakafurahi sana, kwa sababu wamedunduliza miaka mitano kwa safari moja na hawataki kuimalizia kwenye mstari. Siwalaumu.

Halafu bure ikaisha. Kuanzia Januari 2021 bangili zenyewe wageni wa hoteli hawapewi tena bila malipo. Oktoba 2021 FastPass ikarithiwa na huduma ya kulipia, Genie+, dola 15 kwa mtu kwa siku, baadaye bei ikawa inapanda na kushuka kwa kufuata wingi wa watu. Julai 2024 ikabadilishwa jina. Oktoba mwaka huohuo ikaja nyingine ya wenye nazo zaidi, ambayo hata saa huchagui, unakwenda unapotaka, na kwa bustani yao kubwa bei ya juu ilitangazwa kuwa dola 449 kwa mtu kwa siku moja. Ukisoma haraka unaweza kudhani ni historia ya teknolojia. Mimi naona ni historia ya kitu kilichotolewa bure mpaka watu wakakizoea, kisha kikawekewa bei.

Shemeji yangu ni mtu wa mahesabu. Alisema, "Kampuni ina bidhaa, mimi nina hela, tatizo liko wapi?"

Nikamwuliza, bidhaa ipi? Lori halikuongezwa. Simba hawakuongezwa. Chukulia lori lina viti 30. Zamani viti vyote 30 vilijazwa na mstari mmoja. Sasa 20 vinashikiwa wenye bangili, waliosimama wanapata 10. Mstari wao uliokuwa wa dakika 25 unakuwa wa saa na zaidi. Kwa hiyo unapolipa upite mbele, unachonunua ni muda wa yule mama aliyesimama na mtoto mgongoni, na mwenye muda wake haoni hata senti. Na kuna la pili. Kadiri mstari wa kawaida unavyokuwa mrefu, ndivyo wengi zaidi wanavyokubali kulipa. Sisemi kampuni inaurefusha makusudi. Nasema haina sababu ya kuufupisha.

Hapo nilikuwa nimeshajiona mshindi. Binamu akanimaliza: "Wewe si ndiye uliyekuwa ukigeuza nayo?"

Jamani. Waliokaa Dar wanajua. Kwa wengine nitaeleza, ingawa naona aibu. Jioni pale kituoni watu ni wengi na daladala zinakuja zimejaa. Sasa mjanja anatembea vituo viwili vitatu nyuma, au anavuka barabara, analipanda gari likiwa linakuja mjini, analipa nauli, likifika mwisho hashuki. Anageuza nalo. Analipa nauli mara mbili na kiti ni chake. Aliyesubiri kituoni tangu saa kumi na moja analiona gari linafunga breki mbele yake, watu wamekaa, wengine wameshasinzia. Nimefanya hivyo miaka miwili. Sikuhitaji bangili. Wapo pia wanaotupa leso au mkoba dirishani ili kushika kiti, na hata kuwapitisha watoto dirishani nimeona. Ukweli ni kwamba mfumo wa kushika nafasi tulikuwa nao kabla ya Disney, ila wetu haukuwaka taa ya kijani.

Kwa hiyo sitasimama hapa nikawacheka Wamarekani. Wala sitasema kadi na bangili ni mbaya. Pale Kigamboni wanapogusisha N-Card kwenye geti la kivuko, nauli ya mtembea kwa miguu ni ileile kwa muuza karanga na kwa meneja wa benki, geti ni lilelile, na kivuko kinang'oa nanga mara moja kwa wote. Kadi imeondoa chenji tu, haikumsogeza mtu nyuma. Na tiketi ya basi yenye jina lako na namba ya kiti, iliyokatwa mapema, ni rafiki mkubwa wa abiria wa Sumbawanga mwezi Desemba, maana mlanguzi anaishi kwa kutojulikana nani ana kiti na nani hana. Kushika nafasi mapema kwa bei moja ni jambo moja. Kuuza mahali pa mbele mstari ukiwa umeshasimama ni jambo jingine kabisa.

Shemeji hakukubali. "Lakini hata Liemba ilikuwa na daraja la kwanza!"

Muda wote huo mjomba alikuwa kimya, tukadhani mtandao umekatika. Kumbe anasikiliza. Akasema: "Wa daraja la kwanza alilala kitandani, mimi nililala kwenye magunia ya dagaa. Lakini Kasanga tulifika saa moja."

Sikuwa na la kuongeza. Ila yeye alikuwa nalo.

Wanaoijua Liemba kwa kusoma wanajua mambo yake makubwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikaingizwa majini mwaka 1915 kwa jina la Goetzen, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Watu wa Wampembe miaka ile ya safari zake waliijua kwa jambo dogo zaidi: haikufunga gatini, kwa sababu gati halikuwepo. Ilisimama mbali, mara nyingi usiku, ikapiga honi, na boti na mitumbwi ikatoka ufukweni kuukimbilia ule mlango wa ubavuni. Mlango mmoja, watu wanashuka, watu wanapanda, magunia yanapita vichwani. Tiketi ulikuwa nayo, ndiyo. Lakini foleni yenyewe ilikuwa majini, na mwenye boti alijua bei ya kuwahi.

"Nami niliwahi kulipa," mjomba akasema. Ilikuwa usiku ambao shangazi yenu, ndivyo alivyomwita dada yake, alikuwa mgonjwa sana na hospitali ya karibu ilikuwa safari ya ziwani. Alimwongeza mwenye boti kila alichokuwa nacho mfukoni. Wakafika ubavuni mwa meli, wakakuta boti tatu zimetangulia na hakuna anayejali nani amelipa nini. Hela yake ikaishia hapo. Ndipo akapiga kelele, "Nina mgonjwa!" Boti zikajisukuma pembeni kwa makasia, moja baada ya nyingine, mpaka njia ikapatikana. Watu wasiomjua wakampokea dada yake kwa mikono.

Nimelifikiria hilo wiki nzima. Mstari wa kweli, hata ule wa vurugu, una mlango wa dharura, na mlango huo unafunguliwa kwa neno. Unaweza kuuzwa pia. Mwaka 2013 gazeti moja la New York liliandika kwamba familia za matajiri zinakodi watu wenye ulemavu wa kuwasindikiza Disney ili wapite njia ya haraka. Mwaka huohuo kampuni ikaubadilisha utaratibu wake kwa wenye ulemavu, na mwaka 2024 ikaubana zaidi, mpaka wageni wenye maradhi ya kweli wakalalamika kwamba sasa wao ndio wanaokataliwa. Ndiyo gharama ya kuuza mbele ya mstari. Kila anayesema "nina mgonjwa" anatazamwa kama mlanguzi.

Huku kwetu mifumo inakuja, na ije. Tiketi za simu, kadi, na siku moja pengine bangili. Ninachoomba wanaoipanga wakiuliza maoni (sijui kama watauliza) ni mambo madogo. Bei moja kwa safari moja. Dirisha lenye mtu ndani yake kwa ajili ya bibi anayeshuka kutoka Namanyere bila simu ya kisasa, na lisiwe dirisha la kumwambia arudi kesho. Na katika hiyo programu wamwachie mtu nafasi ya kusema ana mgonjwa bila kuombwa namba ya malipo kwanza. Daraja la kwanza libaki, nani asiyependa kitanda. Mlango wa ubavuni usiwe na bei.

Mjomba alipoulizwa basi nani ameshinda, alisema binamu. Lakini shemeji hajakubali, na ana sababu. Hawakulipa, walisimama saa moja na dakika kumi, na walipolipanda lori hatimaye mtoto mdogo alikuwa amelala fofofo begani mwa baba yake. Alilala mpaka mwisho. Twiga hakumwona, kifaru hakumwona, na tangu hapo kila siku anauliza kwa nini hawakumwamsha.

Mjomba naye hajamaliza maswali yake. Jana kanitumia ujumbe: hao twiga, wanaelewa Kiswahili?