Kipimo Kizee na Kitabu Chake



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku pasipo kuligeuzia macho, nalo ni vyombo vikuukuu vya kupimia umeme: mita za mshale, oskiloskopu za valvu, na mashine za kutoa mawimbi ya kujaribia redio. Vyombo hivi vimelala katika stoo za maofisi, katika karakana na katika shule za ufundi. Watu wa namna mbili huvitazama. Mmoja huviita takataka, akataka vitupwe ili nafasi ipatikane. Wa pili huviita mapambo, akataka vipanguswe vumbi na kuwekwa katika kabati la kioo. Naona wote wawili wamekosa. Chombo cha kupimia ni shahidi, na shahidi hutakiwa mambo mawili tu: awe hai, na awe mkweli. Aliyekitupa amemzika shahidi aliye hai. Aliyekipamba bila kukijaribu amemweka kizimbani shahidi asiyejulikana kama asema kweli.

Nachukua mfano wa chombo kimoja kilicho mashuhuri, yaani Avometer ya Uingereza. Asili yake yatuhusu sisi watumishi wa serikali, kwa kuwa aliyeibuni, Donald Macadie, alikuwa mhandisi wa Posta ya nchi ile. Kazi ya kutunza njia za simu ilimlazimu kuchukua vyombo mbalimbali, kila kipimo na chombo chake. Mzigo huo ulimchosha, akawaza jinsi ya kuvitia vyote katika sanduku moja. Mwaka 1923 chombo hicho kikaanza kuuzwa, na jina lake likatokana na herufi za vipimo vitatu: ampea, volti na omu. Mwaka 1951 ikatoka Avometer Model 8, ambayo ilifanyiwa marekebisho mara kwa mara hata ikafikia toleo la saba. Ilipoachwa kuuzwa mwaka 2008, sababu iliyotolewa ilikuwa ugumu wa kupata vipande vyake vya ndani. Tangu mwanzo hata mwisho ni miaka 85. Ni mambo machache yaliyozaliwa kwa manung'uniko ya mtumishi mmoja yakadumu kiasi hicho.

Na umbo lake la ndani si fumbo. Kuna sumaku, na kati ya sumaku kuna koili nyepesi ya waya iliyoshika mshale. Umeme kidogo ukipita katika koili, koili hugeuka na mshale hutembea juu ya uso wenye namba. Chini ya mshale pana ukanda wa kioo cha kujitazamia, ili msomaji aweke jicho lake mahali ambapo mshale hufunika kivuli chake mwenyewe, asije akasoma kwa upande. Kupima volti na ampea hakuhitaji betri hata kidogo, maana nguvu ya kuusukuma mshale hutoka katika kile kinachopimwa. Betri ni ya kupimia omu tu. Tena pana kifungo cha usalama: umeme ukizidi, kifungo huchomoza na kukata njia, ili koili isiungue. Mwenye kutumia akiisha kuondoa kosa hukibonyeza kirudi ndani, na kazi huendelea.

Sasa sikilizeni yaliyotukia katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Katika orodha ya mali ya kufutwa iliandikwa, “Mita mbovu, 1.” Maneno hayo matatu yalitosha kuipeleka kwenye vyuma chakavu. Fundi mmoja mzee aliomba aitazame kabla haijachukuliwa. Aliona kifungo kimechomoza, akakibonyeza. Akafungua nyuma, akakuta betri zimeoza na kuvuja, akazitoa na kusafisha mahali pake. Alipoiunga na betri ya gari, mshale ulisimama juu kidogo ya 12, kama ilivyopasa. Mita ile haikuwa mbovu. Lililokuwa bovu ni andiko la leja, kwa kuwa aliyeandika hakuuliza “mbovu” maana yake nini, wala hapakuwa na karatasi yo yote ya kumwambia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twaipenda mithali hiyo tunapodai risiti kwa wenzetu. Yatupasa kuipenda pia inapotudai sisi.

Najua atakuwapo atakayesema, “Ya nini kuhangaika na kizee, na mita mpya ya namba yapatikana kwa bei ndogo?” Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Mita mpya iliyo njema husoma kwa usahihi zaidi, huchukuliwa mfukoni, na kwa kazi ya umeme mkubwa wa majumba na viwanda iliyotengenezwa kwa sheria za usalama za siku hizi ndiyo ya kutumiwa, wala mtu asiende na mita ya babu yake kwenye sanduku kuu la umeme ili kujionyesha. Lakini upya peke yake si sifa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Zipo kazi ambazo kizee huzifanya vema zaidi, na kubwa katika hizo ni kutengeneza vyombo vya rika lake.

Nitaeleza. Kila mita hunywa kidogo katika kile inachopima. Avometer Model 8 ina ukinzani wa omu 20,000 kwa kila volti. Ikiwekwa kwenye daraja la volti 10, huwa ni omu 200,000. Mita nyingi za namba huwa na omu 10,000,000. Basi mahali penye volti 10 zinazopita katika kizuizi cha omu 200,000, Avometer itasoma 5, na mita mpya itasoma karibu 9.8. Hakuna iliyodanganya, kila moja imesema kilichopo pamoja na unywaji wake. Sasa, vitabu vingi vya matengenezo ya redio za Uingereza viliandika volti zilizosomwa kwa Avometer, na kutaja hata ni Avometer ya namna gani. Fundi kijana akishika mita mpya huona namba zimezidi zile za kitabu, akakishtaki kipande kisicho na hatia na kukitoa. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Hapa ndipo nilipotaka tufike, yaani kwenye kitabu. Chombo kizee kisicho na kitabu chake ni nusu ya chombo. Chukueni mfano wa mashine ya kwanza ya William Hewlett na David Packard, walioanzisha kampuni yao huko Palo Alto, California, mwaka 1939. Ilikuwa mashine ya kutoa mawimbi ya sauti, na kampuni ya Walt Disney ilinunua nane za jamii hiyo kwa kazi ya sauti katika sinema ya Fantasia iliyotoka mwaka 1940. Ndani yake mna taa ndogo ya umeme. Asiye na kitabu atadhani taa hiyo ni ya kumulika tu, na akiona haimuliki ataitoa na kuweka yo yote aliyo nayo. Kumbe taa ile ndiyo hatamu ya mashine. Mawimbi yakizidi nguvu, uzi wake hupata joto na ukinzani wake huongezeka, hivyo nguvu hurudishwa chini. Yakipungua, uzi hupoa na nguvu hupanda tena. Taa moja ya bei ndogo imewekwa ili farasi asikimbie wala asisimame. Nani angelijua hilo kwa kutazama tu? Kitabu humwambia.

Na watengenezaji wa zamani waliviandika vitabu hivyo wakimfikiria mtu watakayekuwa hawamjui. Kampuni ya Tektronix, iliyoanzishwa Portland, Oregon, mwaka 1946, iliunganisha nyaya za oskiloskopu zake nyingi za valvu juu ya vipande vya kauri vilivyopakwa fedha katika mashimo yake. Lehemu ya kawaida huila ile fedha, na kazi ikirudiwa mara nyingi kiungo hubanduka. Kwa hiyo kampuni iliweka ndani ya mashine nyingi kibiringo kidogo cha lehemu iliyochanganywa na fedha, kikae humo kikimngojea fundi. Tafakarini neno hilo, ndugu zangu. Mtu aliyeko kiwandani alimwachia akiba mtu atakayekuja miaka mingi baadaye, asijue jina lake wala nchi yake. Huo ndio uungwana wa kazi, na kila karani anayeandika jalada kwa namna ambayo mrithi wake ataelewa ameufanya uungwana huo huo.

Basi, je, kukusanya vyombo hivi ni vibaya? Hasha. Huko Oregon wafanyakazi wa zamani wa Tektronix wameweka makumbusho, na mashine kuukuu hutengenezwa na kuonyeshwa zikifanya kazi. Huo ni mkusanyo wenye maana. Ninaoulaumu ni ule wa mtu anayenunua kumi na kutotengeneza hata kimoja, au anayevunja vitatu vizima apate kukipendezesha kimoja, au anayebadili kila kipande cha ndani bila kupima, ati vyote ni vizee. Kipande kilicho sawa kiachwe. Mwenye kubadili yote hajatengeneza. Amebahatisha, na hatajua kamwe ugonjwa ulikuwa nini.

Lazima pia niseme juu ya hatari, maana sitaki neno langu limdhuru mtu. Oskiloskopu ya valvu ina maelfu ya volti ndani yake, na vikusanya-umeme vyake huweza kushika nguvu hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Asiyefundishwa asiifungue. Tena, mita nyingine za ndege na za majeshi za wakati wa Vita Kuu ya Pili zilipakwa rangi ya radi ili namba zing'ae gizani. Rangi hiyo huacha kung'aa baada ya miaka, lakini mnururisho wake haukomi: radi hupungua nusu kwa muda wa miaka 1,600 hivi. Mita ya namna hiyo isifunguliwe wala isikwanguliwe, na vumbi lake lisivutwe puani. Tena sumaku ya mita yo yote isitolewe mahali pake kwa udadisi, maana nguvu yake hupungua, na chembe za chuma huikimbilia na kuukwamisha mshale.

Kwa hayo natoa shauri kwa wanachama, hasa sisi tulio na kalamu na funguo za stoo.

Kwanza, neno “mbovu” lisikubaliwe peke yake katika orodha yo yote. Liandikwe limeonekana na nani, siku gani, na kwa kujaribu nini. Kama ni mita, iandikwe kama kifungo kilibonyezwa na betri zilitazamwa. Tena mtu asikimbilie kusema ya kuwa betri zake hazipatikani: betri ya volti 15 ya Avometer ni adimu leo, lakini mafundi huunga ndogo za volti 12 na 3, hesabu ikatimia.

Pili, kitabu cha chombo kiandikwe katika leja pamoja na chombo, kama mali ya pili. Mara nyingi vitabu hutangulia kutupwa kwa kuwa ni karatasi zilizochakaa. Kilichopotea na kitafutwe. Vingi vimepigwa picha na wapenzi wa kazi hii na huonekana katika intaneti, kikapigwe chapa na kufungwa katika jalada.

Tatu, chombo kilichofufuliwa kilinganishwe na kipimo kilichothibitishwa, na kila namba iandikwe pamoja na tarehe na sahihi ya aliyepima. Sokoni twamkasirikia mwenye kibaba kilichobonyea, lakini mita isiyolinganishwa ni kibaba kilichobonyea ambacho hata mwenyewe hajui kimebonyea wapi. Mita ikikosa kidogo na kosa likajulikana, yaweza kutumika. Isiyojulikana kosa lake, hata ikiwa inang'aa kama sarafu mpya, haifai kwa kazi.

Nne, kijana mmoja akae na fundi mzee anapofanya kazi hiyo, na aandike. Vipande vya akiba hununuliwa, na vitabu hupigwa chapa tena. Bali sikio linalojua mlio wa mashine iliyo karibu kuungua, na kidole kinachojua kifungo kipi kimechomoza, havimo katika orodha yo yote ya kuagizia. Mwaka fundi huyo akistaafu bila mwanafunzi, ndipo mita zote za stoo zitakuwa mbovu kwa siku moja, ingawa hakuna hata moja iliyoharibika.

Wenye mawazo mengine na waandike. Nitayasoma kwa furaha.

Ndimi ndugu yenu,
Karani wa Leja