Msimsingizie Chura

Mvua za Desemba zinapoyajaza mabwawa yetu hapa Ugogo, na vyura wakaanza kelele zao, hutokea watu barazani wakatoa hoja moja: "Tazameni, dume humshika jike wala hamwulizi. Basi binti wa nini kuulizwa habari ya mume?" Nimeisikia hoja hii hata vinywani mwa watu waliosoma, nami naipinga. Wamemwita chura awe shahidi wao, lakini hawakumsikiliza.

Kwanza, wasema kwamba dume ndiye mwenye nguvu kila mahali. Si kweli. Kwa vyura walio wengi jike ndiye mkubwa. Yuko chura mmoja wa nchi za kusini mwa Afrika, Pyxicephalus adspersus, ambaye dume lake hushinda jike kwa ukubwa, kwa sababu madume hao hupigana. Lakini walio kama yeye ni wachache.

Pili, wasema kwamba jike hachagui. Charles Darwin alieleza mwaka 1871 ya kuwa maumbile ya wanyama hubadilika kizazi kwa kizazi kwa njia hizi mbili pia: madume hushindana wao kwa wao, na majike huchagua. Kwa vyura wengi dume hukaa mahali pake akaimba, na jike huifuata sauti aipendayo. Basi kelele mzisikiazo usiku si amri, ni maombi.

Tatu, mtazameni chura wa povu, Chiromantis xerampelina, ambaye Tanzania pia yuko. Jike hupanda tawi lililo juu ya maji, hutoa ute, huupiga kwa miguu ya nyuma hata ukawa povu, na humo hutaga mayai. Dume mmoja yu mgongoni pake, lakini wengine husogea pembeni wakatia mbegu zao katika povu lilo hilo. Hapo nguvu ya kushika haitoshi. Mwenye mbegu nyingi ana tumaini kubwa la kupata watoto, na kwa hiyo madume wa chura huyu wana korodani kubwa mno kwa kadiri ya miili yao. Mwaka 1993 Michael Jennions na Neville Passmore walionyesha kwamba wale wa pembeni nao hurutubisha mayai. Mwaka 2008 Phillip Byrne na Martin Whiting wakaonyesha kwamba madume wakiwa wengi, mayai yarutubishwayo huzidi.

Haya, ninyi mtakao sheria ya ndoa kwa chura, je, mtaipokea na hii, mke mmoja kwa waume wengi? La hasha! Basi acheni kushika nusu ya ushahidi na kuitupa nusu ya pili. Chura hakutumwa kutufundisha ndoa. Mzazi anacho kinywa cha kuuliza, na binti anacho kinywa cha kujibu. Mwulizeni.