Acheni kuionea boila!

Jamani wadau wa karakana, hivi nani alitudanganya kwamba propela ikilia sana ndo boti inakimbia? Mnachukua kipropela cha mota ya umeme, mnakifunga kwenye modeli ya boti ya mvuke, halafu mvuke ukiisha mapema mnailaumu boila! Injini ya mvuke haitegemei mbio, inategemea nguvu. Pigeni hesabu: propela inayosonga milimita 25 kila mzunguko, kwa mizunguko 1000 kwa dakika, ni kilomita 1.5 tu kwa saa, na hapo hujatoa inayopotea kwa kuteleza majini. Ya milimita 50 inakupa mara mbili kwa mizunguko ileile. Fungeni kubwa, mradi izame yote na injini isielemewe. Kelele sio mwendo, washkaji!