Hiya Si Aibu, Wala Kapwa Si “Mwingine”

Ndugu walimu,

Twaandika kuipinga karatasi moja ya ufahamu ambayo wengi wenu mnaijua, kwa maana imenakiliwa na kunakiliwa tena hata maandishi yake yamefifia. Ina kurasa tatu. Yaeleza maadili na falsafa ya jamii ya Wafilipino, nayo ilitafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Humo mwanafunzi hufundishwa kwamba Mfilipino huongozwa na mambo matano: hiya, yaani aibu, utang na loob, yaani deni la shukrani, pakikisama, yaani kufuata kundi, bahala na, yaani kumwachia Mungu kila jambo, na kapwa, yaani watu wengine. Kisha, chini ya ukurasa wa mwisho, laja swali la tano: “Taja maadili matatu yanayowazuia Wafilipino wasiendelee.”

Hatutamsuta mfasiri peke yake. Sisi wenyewe tumeifundisha karatasi hiyo kwa miaka mitatu, na kwa kalamu nyekundu tumewapa alama kamili wale waliojibu “aibu, deni, na kumwachia Mungu”. Aliyetuzindua ni mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni, mwanamke aliyewahi kufanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba, ambako Waganda na Wakenya kwa maelfu hukutana na Wafilipino katika kazi hizo hizo. Yeye hakulijibu swali la tano. Alipoulizwa sababu, alisema: “Mwalimu, hili neno bahala na nalijua. Mwenzangu niliyekuwa naye alilisema siku alipokwenda kudai mshahara wake wa miezi minne. Alivaa viatu, akalisema, akafungua mlango. Sasa mtu anayemwachia Mungu kila jambo, viatu avivalie nini?”

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulirudi nyumbani tukatafuta, na tuliyoyapata ndiyo tunayoyaleta hapa.

Neno ambalo mfasiri wetu angelihitaji lipo katika Kiswahili tangu zamani, nalo ni “liwalo na liwe”. Ni nani husema liwalo na liwe? Si yule aliyelala. Husema mtu aliyekwisha pima hatari, akaona hawezi kujua mwisho wake, akaamua kuingia. Alfredo Lagmay, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ufilipino, alilichunguza jambo hili mwaka 1977, akaonyesha kwamba Wafilipino husema bahala na wanapokabili jambo lisilotabirika huku wamekusudia kulitenda, wakitegemea akili na uhodari wao kadiri mambo yatakavyojitokeza. Kabla yake maandishi ya Kiingereza yalikuwa yakilifanya neno hilo alama ya unyonge na kukata tamaa. Lakini Kitagalog chenyewe kingewaonya. Mtu akisema ako ang bahala, maana yake ni “niachie mimi, nitalishughulikia”. Shina la neno limebeba dhamana. Wapo wanaolinasibisha na Bathala, jina la kale la Mungu; hata kama ni kweli, mbona Mswahili husema inshallah hali amekwisha funga mizigo?

Tuje kwenye hiya, maana hapa ndipo sisi walimu wa Kiswahili tulipotenda kosa lisilo na udhuru. Kiingereza hakina njia nyepesi ya kutenga haya na aibu. Neno moja la kawaida huzibeba zote mbili, pamoja na fedheha. Kiswahili kinazitenga kila siku. Mtoto mwenye haya asifiwa. Mtoto aliyepata aibu asikitikiwa. Haya ni pambo la mtu, iko ndani yake kabla hajatenda lolote. Aibu humfika kutoka nje baada ya tendo. Wafilipino nao huzitenga, ila wao hutumia shina moja na kulibadilisha kwa viambishi, kama sisi tubadilishavyo vitenzi vyetu. Nahihiya ni mtu anayeona haya. Napahiya ni mtu aliyeaibishwa, mara nyingi bila ya kukusudiwa. Mahiyain ni mwenye haya. Na tusi zito kuliko mengi katika lugha hiyo ni walang hiya, yaani, neno kwa neno, “hana haya”. Mswahili gani anahitaji kamusi ya Kiingereza ili alielewe tusi hilo? Tumelisikia kutoka kwa bibi zetu!

(Haya yetu ni ya asili ya Kiarabu na hiya yao ni ya familia ya lugha za visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kufanana kwa sauti ni bahati tu, na mwalimu asije akajenga nadharia juu yake.)

Kwa hiyo, mfasiri alipoandika “aibu”, alichukua hali ya mtu aliyefedheheka akaifanya kuwa roho ya taifa zima. Mwanafunzi akisoma kwamba Wafilipino “huongozwa na aibu”, atawaona watu wanaotembea wameinama. Akisoma kwamba wanathamini haya, atawaona watu wa kwao. Watoto wa Kifilipino huuchukua mkono wa mkubwa wakaugusisha kwenye paji la uso wakisema mano po. Nalo neno dogo po, ambalo hupenyezwa katika sentensi kwa ajili ya heshima, kila mtoto hufunzwa mapema. Yeyote aliyekuzwa kwa shikamoo analijua jambo hilo.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni katika kapwa. Mwaka 1975 Virgilio Enriquez, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kupata shahada ya udaktari Marekani mwaka 1971, aliongoza wenzake kuanzisha fikra inayoitwa Sikolohiyang Pilipino, saikolojia ya Kifilipino. Hoja yake ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kumeza: kwamba wachunguzi walikuwa wakiokota maneno ya watu, wakiyapa tafsiri ya Kiingereza, kisha wakiichunguza tafsiri badala ya neno. Akasema kiini cha maadili ya Wafilipino ni kapwa. Nalo, alisisitiza, haliwezi kufasiriwa kwa lile neno la Kiingereza lenye maana ya “wengine”, kwa sababu “wengine” huanza kwa kunitenga mimi nao, ilhali kapwa huanza kwa kutuweka pamoja. Katika lugha hiyo kuna ibang tao, mtu wa nje, na kuna hindi ibang tao, asiye mtu wa nje. Wote wawili, mgeni na mwenyeji, ni kapwa.

Enriquez aliwaandikia wasomaji ambao ilimbidi awaeleze jambo hilo kwa kurasa nyingi. Sisi hatuhitaji hata ukurasa mmoja. Tunalo neno mwenzi. Tunasema mwenzangu, mwenzetu, binadamu mwenzetu. Hatuwezi kulitamka neno hilo bila ya kujiweka ndani yake, maana mwenzangu hawezi kuwapo pasipo mimi. Mwanafunzi wetu wa jioni alilitumia bila ya kufikiri alipomtaja yule Mfilipino. Wala hakuwa nduguye, wala wa dini yake. Mfasiri, aliyekuwa na neno hilo kinywani mwake maisha yake yote, aliandika “watu wengine”. Kwa nini? Kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye Kiingereza. Hiyo ndiyo tunayoiita kasumba, na tunajihesabu miongoni mwa walioinywa.

Pakikisama hatutakawia nayo. Yatosha kusema kwamba Enriquez na wenzake waliipanga katika ngazi ya mahusiano, kuanzia kutendeana kwa adabu tu hadi pakikiisa, kuwa kitu kimoja. Na pakikisama, kuchukuliana, imo katikati tu ya ngazi hiyo. Wachunguzi wa miaka ya 1960, akiwamo padri Mmarekani Frank Lynch aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa utamaduni mjini Manila mwaka 1960, waliitazama sana hiyo tamaa ya mahusiano yasiyo na mikwaruzo. Hatusemi walikuwa na nia mbaya. Twasema walishika kipago kimoja wakakiita ngazi.

Yawezekana mtu akauliza: haya ni maneno tu, yana hasara gani? Hasara imo katika lile swali la tano. Novemba 1987 mwandishi Mmarekani James Fallows alichapisha katika jarida la The Atlantic makala aliyoiita utamaduni ulioharibika. Alidai kwamba shida ya Ufilipino kwa sehemu kubwa ni utamaduni wake: kwamba watu wa nchi hiyo hujitoa kabisa kwa walio ndani ya mduara wao, na walio nje huwa kama adui. Makala hiyo ilijadiliwa sana, hata na Wafilipino wenyewe, na harufu yake imo katika karatasi yetu. Sasa tazameni tarehe. Chini ya miaka miwili kabla yake, kuanzia tarehe 22 hadi 25 Februari 1986, umati mkubwa ulijaa katika barabara ya EDSA mjini Manila, ukasimama mbele ya vifaru vya Marcos na kuwapa askari chakula na maua. Walipeana mikono na watu wasiowajua. Ikiwa nje ya mduara kuna maadui tu, chakula kile walipewa akina nani?

Na ikisemwa kwamba hayo yamepita, Aprili 2021, katika shida ya UVIKO, mwanamke mmoja kijana aliweka mkokoteni wa vyakula kando ya mtaa wa Maginhawa, Quezon City, na bango lililowaambia watu watoe kadiri wawezavyo na wachukue kadiri wahitajivyo. Kwa siku chache tu meza za namna hiyo zikaenea nchi nzima. Dola iliziingilia kwa shaka, hata mwenye mkokoteni wa kwanza akasimamisha kazi kwa muda mfupi kwa kuhofia usalama.

Anayetaka kujua kinachoizuia Ufilipino na asome historia kabla hajafungua orodha ya maadili. Mwaka 1898 Hispania, iliyokuwa imeitawala kwa zaidi ya miaka mia tatu, iliikabidhi kwa Marekani kwa dola milioni 20, wenyewe wasiulizwe. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Mwaka 1901 meli ilileta walimu wa Kimarekani wapatao 500, na Kiingereza kikawa lugha ya shule; Renato Constantino, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1966, alieleza jinsi elimu hiyo ilivyomfundisha Mfilipino kujitazama kwa jicho la aliyemshinda. Ongezeni mashamba makubwa ya miwa ya Negros yaliyobaki mikononi mwa familia chache. Ongezeni deni la nje la zaidi ya dola bilioni 25 aliloliacha Marcos. Hilo ndilo deni lililoelemea nchi, wala si utang na loob!

Hata hivyo tusiwageuze Wafilipino kuwa malaika. Huko nako ni kuwadhalilisha. Utang na loob imetumiwa na wanasiasa kuwafunga wapiga kura: aliyelipia jeneza la baba yako leo atakuja kudai kura yako kesho. Marcos mwenyewe, baada ya kutangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972, alijifunika nguo za asili. Mwaka 1974 vitongoji vilirudishiwa jina la kale la barangay, huku wapinzani wakijazwa gerezani. Na Wafilipino hawajifichi. Ripoti iliyotolewa na Baraza lao la Seneti mwaka 1988 iliorodhesha udhaifu wao pamoja na ubora wao, ukiwamo ule waliouita kanya-kanya, ambao sisi twasema “kila mtu na lwake”. Basi mtu wa kwao akiwakosoa jamaa zake kwa lugha yao, huo ni mjadala wa nyumbani. Tofauti yake na karatasi yetu ni kwamba yeye ayajua maneno anayoyakosoa.

Twapendekeza mambo mawili. Karatasi hiyo isinakiliwe tena ilivyo. Hiya iandikwe “haya”, bahala na iandikwe “liwalo na liwe”, kapwa iandikwe “mwenzi”, na swali la tano lifutwe. Badala yake mwanafunzi aulizwe: katika lugha ya nyumbani kwenu, haya na aibu ni neno moja au mawili? Sisi tumelijaribu swali hilo, na saa nzima ya kipindi haikututosha.

Linabaki neno moja lililotushinda, nalo ni loob. Maana yake ya kwanza ni ndani tu, kama ndani ya nyumba. Lakini Wafilipino hulitumia kwa ushujaa, lakas ng loob, nguvu ya ndani. Kwa kinyongo, sama ng loob, ubaya wa ndani. Na kwa ukarimu, kagandahang-loob, uzuri wa ndani. Tulifikiria “moyo”, kwani nasi twasema moyo mkuu na moyo mwema, ila wao wanalo neno jingine la moyo, puso. Tulifikiria “nafsi”, likatuelekeza kwenye vitabu vya dini. Tulifikiria “fadhila” kwa utang na loob yote, lakini fadhila ni kile alichotoa mtoaji, nao wanataja kile kinachobaki ndani ya mpokeaji. Kwa sasa tumeandika “deni la moyoni”, na hatujaridhika. Mwenye neno bora na alipeleke kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.