Shamba Safi Si Lazima Liwe Shamba Jema

Wako watu wasemao, tena kwa majivuno, ya kwamba mkulima mstaarabu hujulikana kwa shamba lenye mmea wa namna moja tu. Achanganyaye mimea humwita mvivu au mjinga. Neno hili nalikana, nanyi wasomaji mpime hoja zangu.

Shamba la mahindi matupu ni karamu aliyoandaliwa adui. Nondo hutaga mayai majanini, na viwavi wao hutoboa mabua wakala ndani. Chini ya ardhi kiduha hushika mizizi ya mahindi na kunyonya chakula chake. Maua yake yapendeza macho, kumbe ni mwizi! Mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi. Ukiking'oa, kimekwisha kuiba.

Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria katika Kenya, wataalamu wa wadudu wa icipe, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walitafuta dawa ya taabu hii katika miaka ya 1990. Hawakuongeza sumu, waliongeza mimea. Kati ya mistari ya mahindi walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde. Kulizunguka shamba wakapanda mabingobingo. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo. Mabingobingo huwavuta wakatage huko, na viwavi wengi hufa katika utomvu wake unatao. Nayo mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisiyashike mahindi, zikafa kwa njaa. Tena huitia ardhi rutuba, na ng'ombe hupata majani. Njia hii huitwa vuta-sukuma. Je, huu ndio ujinga?

Watajibu, "Kazi yake ni nyingi." Kweli, mwanzoni desmodiamu hutaka palizi ya uangalifu, lakini ukishashika hudumu miaka, hali kung'oa kiduha ni kazi isiyo mwisho. Watasema tena, "Sumu ni nyepesi." Sumu haimfikii upesi kiwavi aliyejificha ndani ya bua, wala haichagui: humwua na nyigu atagaye mayai mwilini mwa kiwavi, naye ni askari wetu asiyedai mshahara.

Wala sisemi kila mchanganyiko ni mwema. Kutupa mbegu ovyo ni fujo, si hekima. Mimea na ipangwe kama watu wa nyumba moja, kila mmoja na kazi yake, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, walimu wenzangu, mkimwona mtoto amepanda kunde kati ya mahindi ya bustani ya shule, msimwamuru azing'oe ili mistari ipendeze. Mwulizeni kwanza kunde zile zafanya kazi gani pale. Akijua kujibu, amekwisha kuwa mkulima. Asipojua, hapo ndipo somo lenu lianzie.